Mume Wangu Anataka Tufute Krismasi. Nimjibu Nini?

SWALI

Bwana asifiwe, Mchungaji. Tunaishi Umoja, tuna watoto watatu, wa miaka 11, 8 na 4, na tunasali kanisa la Kianglikana. Krismasi iliyopita ilituacha na mkopo wa simu, na karo ya Januari nikamwomba dada yangu. Kilichoniuma zaidi ni mtoto wa pili. Shule ya Jumapili waliulizwa Krismasi ni nini, naye akajibu kwamba ni siku Santa analeta nguo. Sasa mume wangu amesema mwaka huu hakuna Krismasi kwetu. Amesikia redioni pia kwamba 25 Desemba ilikuwa sikukuu ya mungu jua. Lakini wakwe zangu Kakamega wanatutarajia, tena na vitu mkononi, na mimi nikifikiria nyumba bila Krismasi roho inaniuma. Je, kuna namna ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana bila kuburutwa na maduka? Na tukisafiri, ibada je? Kule kanisa lililo karibu ni la Marafiki, wale wanaoitwa Quaker.

JIBU

Amina, mama, asifiwe.

Nianze na mzee wa nyumba, kwa sababu hasira yake si ya bure. Mtu aliyefungua mwaka na mkopo wa simu huku shule inadai karo ana haki ya kuitazama Desemba kwa jicho baya. Ila dawa aliyochagua haigusi ugonjwa. Nyama na chapati hazijawahi kumtoa Kristo nyumbani kwa mtu, wala nguo mpya. Kilichomtoa, nionavyo mimi, ni kwamba tumeacha kumngoja, na tumeacha kuwagawia watu wasio wetu. Siku hizi Krismasi inaanza Novemba na mabango ya ofa, inaisha tarehe 26 asubuhi na sufuria za kuosha, na hapo katikati wamekula wale wale wanaokula kila siku, ila wamekula zaidi. Rudisheni kungoja na kugawa, kisha mchinje hata mbuzi mkipenda.

Hilo la mungu jua nilimalize upesi. Ushahidi wa zamani zaidi tulio nao wa kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba uko katika hati moja ya Kirumi ya mwaka 354, mkusanyiko wa kalenda na orodha za kila namna. Orodha inayohusika yaelekea iliandikwa mwaka 336. Hati hiyo hiyo inaitaja siku hiyo kuwa ya Jua Lisiloshindwa, kwa hiyo aliyesema redioni hakutunga. Asichosema ni kwamba kuna maelezo ya pili, nayo yana wanahistoria wake: Wakristo wa kale walihesabu kwamba Bwana alitungwa mimba tarehe 25 Machi, tarehe ile ile waliyoamini alikufa. Ongeza miezi tisa uone unafika wapi. Mimi mjadala huo sinyimwi usingizi nao. Hakuna Mkristo wa Umoja anayeamka tarehe 25 kuliabudu jua. Kama kuna mungu wa kuogopwa siku hiyo, tumtafute kwenye pochi.

Na kweli Biblia haituagizi popote kuadhimisha siku hii. Mumeo akiifuta hatakuwa wa kwanza wala hatakuwa mwasi. Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali, walipokuwa na nguvu bungeni Uingereza waliipiga marufuku mwaka 1647. Wenzao waliohamia Massachusetts waliweka sheria mwaka 1659 kwamba atakayekutwa anasherehekea Krismasi, iwe kwa kuacha kazi au kwa karamu, atatozwa faini ya shilingi tano, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Huko Scotland, Krismasi haikuwa sikukuu ya umma hadi mwaka 1958. Wapresbiteri wetu wa PCEA huwa wanacheka nikiwakumbusha hilo, maana wamishenari waliojenga kituo chao cha Thogoto walitoka nchi ambayo tarehe 25 Desemba watu walienda kazini kama kawaida.

Lakini tazama kilichofuata. Ukiondoa sikukuu ya Kanisa, kiti hakibaki wazi. Marekani hiyo hiyo iliyotoza watu faini ndiyo iliyokuja kuupa ulimwengu Santa wa madukani. Mkiifuta Krismasi nyumbani, watoto wataipata jirani, shuleni, kwenye televisheni na kwenye jumba la maduka, na huko hakuna atakayewatajia hori la ng'ombe.

Na kwa kuwa tumemtaja Santa, mtoto wako hana kosa. Alijibu alichokiona. Usimgombeze, wala usimwambie Santa ni shetani, maneno ambayo nimeyasikia kwenye mimbari zaidi ya moja hapa mjini. Msimulie asili yake, maana ni nzuri kuliko ile ya madukani. Nikolao alikuwa askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita Uturuki leo, katika karne ya 4. Inasimuliwa kwamba jirani yake alifilisika, ana mabinti watatu, na enzi hizo huko mahari ilitolewa na upande wa binti. Bila mahari mabinti wale wangeishia kuuzwa. Nikolao akaenda usiku, akarusha mfuko wa dhahabu dirishani, akaondoka. Akarudi tena kwa ajili ya wa pili, na wa tatu. Alificha uso wake asishukuriwe. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Karne nyingi baadaye, huko Marekani, mchoraji wa magazeti Thomas Nast akaanza mwaka 1863 kumchora akiwa mzee mnene mwenye ndevu, na kuanzia 1931 matangazo ya Coca-Cola yaliyochorwa na Haddon Sundblom yakausambaza uso huo duniani kote. (Watu husema kampuni ya soda ndiyo iliyombunia nguo nyekundu. Si kweli, Nast alikuwa ameshamvika.)

Mtoto wa miaka minane anaweza kabisa kuona tofauti kati ya mzee wa kwenye jumba la maduka, ambaye ukikaa naye unalipia picha, na askofu aliyetoa gizani asijulikane. Tena mfanye ajaribu mwenyewe. Tarehe 6 Desemba wapeni watoto wachague mlango mmoja kwenye ploti yenu, waache pale mandazi ya moto kwenye bakuli lililofunikwa, wabishe hodi kisha wakimbie. Watacheka mwezi mzima, na hawatamsahau Nikolao.

Nirudi kwa mume wako, maana nadhani kuna mhubiri mmoja atakayempenda. Karibu mwaka 380, mjini Konstantinopoli, Istanbul ya leo, Gregori wa Nazianzo alihubiri kuhusu kuzaliwa kwa Kristo. Sikukuu yenyewe ilikuwa changa katika mji ule. Hata hivyo tayari alikuwa na orodha ya kuwakataza waumini: msipambe milango, msipange ngoma, msirembe barabara, msishindane kwa vyakula vya gharama na mvinyo wenye manukato, msijionyeshe kwa mavazi na dhahabu. Na akawaeleza sababu. Hayo yote, alisema, mnayafanya wakati wengine wana njaa, nao wamefinyangwa kwa udongo ule ule uliowafinyanga ninyi. Zaidi ya miaka 1,600 imepita, na ukiyasoma mahubiri yale utadhani alipitia barabara ya Mombasa wiki ya mwisho kabla ya sikukuu akaona mabango. Mzee huyo hakuifuta sikukuu. Aliihubiri kwa nguvu zote, mahubiri marefu ya furaha, ila alitaka furaha iwe na macho ya kumwona mwenye njaa.

Ukitaka hilo hilo kutoka Agano la Kale, fungua Nehemia sura ya 8. Watu wamesomewa torati, wanalia. Wanaambiwa waache kulia: "Enendeni zenu, mle kilichonona, mkanywe kilicho tamu, tena mpelekeeni sehemu yeye asiyewekewa kitu, maana siku hii ni takatifu kwa Bwana wetu." Mumeo asome mstari huo wa 10 taratibu. Siku ni takatifu, na kwa sababu hiyo watu wanakula kilichonona. Hakuna ugomvi kati ya utakatifu na mafuta ya nyama. Ila amri ina sehemu tatu: kula, kunywa, na kupeleka. Nairobi tumezishika mbili za kwanza kwa uaminifu mkubwa.

Sasa tuje kwenye kungoja, na hapa ninyi Waanglikana mna bahati kwa sababu mmeshapewa. Majilio yamo katika ibada zenu, Jumapili nne kabla ya Krismasi, rangi ya zambarau kanisani. Shida ni kwamba yanabaki kanisani. Nyumbani Desemba imejaa nyimbo za sikukuu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo tarehe 25 ikifika mtoto hana alichokuwa anakingoja isipokuwa nguo.

Mwaka 1839 huko Hamburg, mwanatheolojia wa Kilutheri aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa analea watoto maskini, nao walimchosha kwa swali moja: Krismasi ni lini? Akachukua gurudumu, akapanga juu yake mishumaa, midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili. Kila siku wakawasha mmoja zaidi. Shada la Majilio mnaloliona makanisani lilianzia hapo, kwa mtu aliyesumbuliwa na watoto kama unavyosumbuliwa wewe.

Ninyi hamhitaji gurudumu. Sahani pana, mishumaa minne ya kawaida ya dukani, matawi machache ya sipresi kutoka ua wa mtu anayekufahamu. Jumapili jioni zimeni taa na televisheni, mkubwa awashe, mdogo apulize mwisho. Jumapili ya kwanza someni Isaya 9, ya pili Mika 5, ya tatu Luka 1 mpaka wimbo wa Mariamu, ya nne Mathayo 1 kuanzia mstari wa 18. Msihubiri. Someni, ombeni maneno machache, imbeni wimbo mmoja, mlale. Dakika kumi zinatosha, maana huyo wa miaka minne hawezi zaidi. Na stima zikipotea, kama ilivyo desturi yake msimu huu, mtakuwa tayari na mishumaa mezani.

Mapambo yasitoke kabati kabla ya Jamhuri Dei. Nasema tarehe 12 kwa sababu ni rahisi kukumbuka, si kwa sababu ya theolojia yoyote. Na kama mnaweza, tengenezeni pango la kuzaliwa kwa Yesu. Fransisko wa Asizi alipofanya hivyo kijijini Greccio, Italia, mwaka 1223, hakununua sanamu. Alitafuta hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, kwa kuwa alitaka watu waone kwa macho yao dhiki aliyozaliwa nayo mtoto yule. Watoto wako wanaweza kutumia katoni ya maziwa, udongo na vitambaa. Hori libaki tupu hadi usiku wa tarehe 24. Mamajusi waanzie mbali, juu ya kabati la vyombo kwa mfano, wasogezwe kidogo kila siku, wafike tarehe 6 Januari, siku ya Epifania. Huyo wa miaka minane mpe kazi ya kuwasogeza. Mtoto mwenye kazi ndani ya hadithi haisahau hadithi.

Naona unangoja nifike kwenye pesa. Haya.

Desemba ya Nairobi ina mtego wake, na wengi wananaswa nao kila mwaka kana kwamba ni mgeni. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema ili watu wapate ya sikukuu. Mfukoni unaonekana kama nyongeza. Si nyongeza, ni mshahara ule ule, na mwingine hauji hadi mwisho wa Januari, wiki sita mbele. Wakati huo huo vyama vya akiba vinavunjwa, kila mtu anarudi na mgao wake. Kisha shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Januari na karo, sare na vitabu. Watu wakaibatiza Njaanuari, tukacheka, tukarudia.

Kaeni wawili na daftari kabla ya mwezi wa Novemba kuisha. Kinachoandikwa kwanza ni karo na nauli ya kurudi Nairobi. Ndiyo, kurudi, maana ya kwenda hakuna anayeisahau. Pesa ya chama ikigawanywa, iende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kabla haijalala nyumbani. Kinachofuata ni sehemu ya "asiyewekewa kitu", hata ikiwa ndogo, ili isije ikawa makombo. Halafu chakula. Nguo ziwe za mwisho, nazo zinunuliwe Novemba, soko la mitumba la Gikomba kukiwa bado kuna nafasi ya kuchagua na muuzaji ana muda wa kubishana bei. Nguo ya "kamera", yaani mtumba wa daraja la kwanza, iliyofuliwa na kupigwa pasi vizuri haina aibu yoyote kanisani. Mkifika mwisho wa orodha na pesa zimekwisha, orodha imekwisha. Mkopo wa simu kwa ajili ya soda na biskuti ni kumlipa mtu riba kwa chakula mlichokwisha kula.

Na kama mtaona haya kwa kuwa na kidogo, kumbukeni Luka 2 mstari wa 24. Siku zilipotimia, Mariamu na Yusufu walipanda Yerusalemu na sadaka ya ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Torati katika Walawi 12 ilitaka mwana-kondoo, na ndege waliruhusiwa kwa mama ambaye mali yake haikumfikisha kwenye kondoo. Familia hiyo ilifika mbele za Mungu na kiwango cha maskini, hadharani, na Simeoni akampakata mtoto wao akaimba.

Sisi wa makanisani tusijitoe katika lawama hizi. Desemba ndiyo mwezi wa kadi za michango, za kwaya, za jengo, za zawadi ya mchungaji. Muumini anatoka kwenye foleni ya supamaketi anaingia kwenye foleni ya bahasha. Kama kadi hizo zinakushinda, irudishe na kiasi ulichoweza na usitoe maelezo. Mchungaji wako akikasirika, mpe jibu hili asome.

Kugawa kwenyewe sitaki ukufikirie kama jambo la mbali. Watu wa Nairobi wakisikia "kusaidia wakati wa Krismasi" wanakodi basi kwenda kwenye makao ya watoto, wanapiga picha, wanaondoka. Si vibaya, lakini makao hayo hupata wageni wengi Desemba na Februari hayapati mtu. Kama mnataka kwenda huko, nendeni Februari. Desemba angalieni getini.

Luka anasema wa kwanza kuambiwa habari za kuzaliwa kwa Bwana walikuwa wachungaji wa kondoo "wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku". Watu wa zamu ya usiku. Hapo kwenye ploti yenu kuna askari, na bila shaka usiku wa tarehe 24 atakuwa kwenye kibanda chake na redio na jaketi, kwa sababu mwenye nyumba haachi geti wazi ati ni Krismasi. Watoto wampelekee chakula kikiwa bado moto, kwenye sahani ya nyumbani, sio kwenye mfuko wa karatasi, pilau ile ile mtakayokula ninyi na nyama kama mtakayokula ninyi. Wakae naye kidogo wamuulize kwao ni wapi. Kisha mkirudi ndani, someni Luka 2 mstari wa 8. Sidhani kama kuna mahubiri yatakayozidi hapo.

Na kama mnaye dada wa kazi, hujaniambia, lakini nyumba nyingi zenye watoto watatu zinaye. Mlipeni mapema, mshahara kamili, mwacheni asafiri kabla ya tarehe 20. Anayeachiwa jioni ya tarehe 24 analipa nauli mara mbili au tatu, na mara nyingi analala steji ya Machakos, kituo cha mabasi hapa Nairobi. Nimewahi kuona nyumba iliyopamba pango zuri sebuleni huku msichana wa jikoni akidaiwa aoshe vyombo vya sherehe kwanza. Yakobo sura ya 5 ana maneno makali kuhusu mshahara uliozuiliwa, nisiyarudie hapa.

Tumebakiwa na Kakamega.

Kwanza, safari yenyewe si ya kibiashara, usiionee haya. Luka anaeleza jinsi Yusufu na Mariamu walivyojikuta Bethlehemu: "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Kila nikisoma mstari huo kanisani Desemba naona watu wanatabasamu, wanawaza foleni za Nairobi kwenda magharibi. Kwenda kuwaona wazee, watoto wakamjua nyanya yao, hilo liko karibu zaidi na Krismasi ya Biblia kuliko wikiendi ya hoteli.

Tatizo ni vile vitu. Mke akisema "mwaka huu hatuna", linakuwa neno la mke. Kwa hiyo baba watoto ndiye apige simu kwa mzee na mama yake, na apige Novemba. Akingoja hadi tarehe 23, mama mkwe atakuwa ameshawaambia majirani kwamba mnakuja na vitu. Aseme wazi kwamba karo inakuja kwanza, na kwamba mtaleta kitu kimoja chenye maana. Blanketi zito kwa mama ni bora kuliko kikapu cha zawadi chenye biskuti za bati na chupa ya juisi. Azungumze pia na ndugu zake wagawane: huyu unga wa ngano na mafuta, yule mchele, mwingine nyama. Kuku msijali, kwa Waluhya mgeni hajawahi kukosa kuku. Wazee wetu wengi wakiambiwa ukweli mapema na mtoto wao mwenyewe wanaelewa. Kinachowaudhi ni kuona umefika na gari la kukodi halafu unalia huna.

Halafu kuna njia ambayo wachache huifikiria. Krismasi ya Kanisa si siku moja. Inaanza tarehe 25 na kuendelea siku kumi na mbili, hadi mkesha wa Epifania. Tarehe 26 ni ya Stefano shahidi, tarehe 28 ni ya watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Maduka yakishashusha mapambo yao na kuweka madaftari ya shule dirishani, Kanisa bado linaimba Krismasi. Kwa hiyo mnaweza kubaki Umoja tarehe 25, mkaenda ibada kwenu, mkampelekea askari sahani yake, kisha mkapanda gari tarehe 27 wakati magari ya kutoka Nairobi yana viti na makanga wameshusha bei. Mtafika Kakamega na salamu za Krismasi zikiwa bado halali kabisa. Mama mkwe akinung'unika kidogo, mwambieni mchungaji alisema, lawama nitabeba mimi.

Mkiamua kwenda kabla, ibada kwa Marafiki msiihofu. Hapa pana kichekesho cha historia: Marafiki wa kwanza Uingereza, katika karne ya 17, hawakuadhimisha Krismasi, kwa kuwa waliona kila siku ni ya Bwana sawasawa. Mume wako angewapenda. Lakini tangu wamishenari wao wafike Kaimosi mwaka 1902, Marafiki wa magharibi mwa Kenya wamekuwa na njia yao, na kwaya zao hazina mzaha. Kitu kimoja mjue: kwao hakuna Chakula cha Bwana cha mkate na divai. Kwa hiyo kama mnataka kushiriki Meza, shirikini kanisani kwenu Umoja Jumapili ya mwisho kabla ya safari. Gari likiwa la usiku wa tarehe 24, someni Luka 2 nyumbani kabla ya kutoka, mlazeni mtoto Yesu kwenye hori la pango lenu, kisha muende stejini. Na asubuhi vaeni, nendeni na mama mkwe kanisani kwake, mketi karibu naye. Atawasimamisha wageni wake wajitambulishe, hilo halikwepeki, kwa hiyo mumeo aanze kufikiria la kusema tangu sasa.